Mwanzi Ndani ya Zege: Je, Utaubeba Ukuta?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, inua macho utazame juu ya mlango wa chumba ulimoketi. Kama nyumba yako ni ya matofali, basi juu ya mlango huo ipo boriti fupi iliyolala kutoka upande mmoja hadi wa pili, nayo imebeba ukuta wote ulio juu yake, na pengine mzigo wa paa pia. Mafundi huiita linta. Watoto hupita chini yake kutwa kucha, mama hupita na ndoo kichwani, wala hakuna hata mmoja anayeifikiri. Mimi nami sikuifikiri, mpaka siku ile nilipoonyeshwa linta iliyopasuka.

Ilikuwa katika nyumba ya jamaa yangu mmoja, mtu mwangalifu, si mzembe hata kidogo. Alijenga vyumba viwili kwa fedha ya kudunduliza, na alipofika kwenye linta fedha ikamwishia. Nondo zilikuwa ghali. Ndipo mtu mmoja akamwambia, "Kwa nini ununue chuma, nawe una mianzi shambani kwako? Tia mwanzi ndani ya zege. Nani atauona?" Akatia. Masika ya kwanza yakapita salama. Baada ya masika ya pili ufa ukatokea. Tena haukuwa ufa wa kuikata boriti kama tuuonavyo mara nyingi, bali ufa mrefu, mwembamba, ulioifuata boriti kwa urefu wake wote, kama mstari uliopigwa kwa rula, pale pale mwanzi ulipolala.

Akaitwa fundi mmoja mzee. Mzee hakusema neno. Aligonga linta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akagonga tena. Sauti ilikuwa ya mtungi mtupu.

"Wameachana," akasema.

"Nani wameachana, mzee wangu?"

"Mwanzi na zege, mwanangu. Kila mmoja yuko peke yake humo ndani."

Neno hilo halikunitoka moyoni. Nikaanza kuuliza na kusoma juu ya watu waliojaribu kujenga kwa vitu vingine badala ya saruji na nondo, na jinsi walivyovipima vitu hivyo. Nimeona mengi ya kumfaa mtu anayejenga kwa jasho lake, nami nitakueleza yale niliyoyahakikisha.

Chaki ya mtoto wa shule

Chukua chaki moja ya mwanao. Isimamishe mezani, uikandamize kwa kidole kutoka juu. Haivunjiki kwa urahisi. Sasa ishike kwa ncha zake mbili uipinde kidogo tu. Tak! Imekatika.

Zege lina tabia ya chaki. Ukilikandamiza lahimili mzigo wa kutisha, lakini ukilivuta ni dhaifu mno: nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa ni kama sehemu 1 tu katika 10 ya nguvu yake ya kuvumilia kukandamizwa. Na boriti yo yote inapobebeshwa mzigo hupinda, hata kama jicho halioni. Ikipinda, upande wake wa juu hubanwa na upande wake wa chini huvutwa. Basi boriti ya zege tupu hufa kwa upande wa chini, wakati upande wa juu ungali na nguvu tele zisizotumika.

Wajenzi wa kale wa Pwani yetu walikuwa na chokaa na mawe ya matumbawe. Nondo hawakuwa nazo. Hata hivyo walijenga. Njia yao moja ilikuwa kuepuka kulivuta zege. Ukienda Kilwa Kisiwani utauona Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kubwa iliongezwa katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Paa lake lilifanywa kwa matao na kuba za matumbawe na chokaa, na katika tao kila jiwe humbana mwenzake, nalo zege hufanya kazi ile tu linayoiweza. Warumi walifanya vivyo hivyo zamani zaidi. Kuba ya Pantheon kule Roma, iliyomalizika karibu mwaka 128, ina upana wa meta 43, na ndani yake hamna nondo hata moja. Ipo mpaka leo.

Njia ya pili ilikuwa boriti za mikoko. Walizipanga zikikaribiana kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake wakaweka mawe na zege la chokaa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama meta 2 na nusu au karibu na 3, kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Lakini angalia jambo moja ambalo watu hulisahau: wazee wale hawakuuzika mti wote ndani ya chokaa. Ncha zake tu ziliingia ukutani. Sehemu iliyobaki iliachwa wazi chini ya dari, ipate hewa, ionekane na macho ya mwenye nyumba, na ikioza itolewe itiwe nyingine. Hawakuwa na maabara. Maabara yao ilikuwa miaka na miaka ya kutazama nyumba zao zinavyozeeka.

Ndoa ya chuma na zege

Mtu wa kwanza kupata sifa kwa kutia chuma ndani ya saruji hakuwa mhandisi. Alikuwa mtunza bustani Mfaransa, jina lake Joseph Monier, aliyechoka na vyungu vya maua vilivyopasuka. Akavifanya vya saruji yenye wavu wa chuma ndani yake, na mwaka 1867 akapewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Baada yake wakaja wengine walioyafikisha mawazo hayo kwenye madaraja na majumba.

Chuma kiliwekwa upande wa chini wa boriti, pale penye kuvutwa, na zege likaachiwa kubanwa upande wa juu. Tena ikaonekana kwamba wawili hawa wanapatana kwa namna ya ajabu. Jua likiwaka, chuma na zege hutanuka karibu sawasawa, hata hakuna mmoja anayemsukuma mwenziwe. Na ukali ule wa saruji, ule unaochubua mikono ya kibarua, ndio unaokilinda chuma kisishikwe na kutu. Kama vitu hivi viwili visingepatana hivyo, miji ya leo isingekuwa kama tuionavyo.

Lakini jambo kubwa kupita yote ni kushikana. Ukitaka kulijua, fanya jaribio hili nyumbani. Twaa mbao mbili nyembamba zilizo sawa, uzilaze moja juu ya nyingine, uziweke juu ya matofali mawili, kisha mwambie mtoto asimame katikati. Zitapinda; nawe ukitazama ncha zake utaona zimepishana kidogo, maana kila ubao umepinda peke yake na kuteleza juu ya mwenziwe. Sasa zipake gundi nzuri, uzikaze kwa skrubu nyingi zisiweze kuteleza kabisa, kisha mpandishe mtoto tena. Mbao ni zile zile na mtoto ni yule yule. Lakini sasa ugumu wa kupinda umekuwa mara 4, na mzigo ziwezao kuubeba kabla ya kuvunjika umekuwa mara 2. Hukuongeza mti hata chembe. Umeongeza mshiko.

Hii ndiyo siri ya zile boriti ambazo wahandisi huzifanya kwa vitu viwili, nasi tuziite boriti za mseto. Katika madaraja mengi na majengo marefu utaona boriti ya chuma, na juu yake bamba la zege. Zikilazwa tu hivyo bila kushikana, ni kama zile mbao za kwanza. Kwa hiyo juu ya boriti ya chuma huchomelewa vichwa vifupi vya chuma, kama misumari minene iliyosimama, na zege humiminwa juu yake vikazama ndani. Hapo chuma na zege huwa mwili mmoja. Wapimaji hawaridhiki kuambiwa kwamba vinashikana; hutengeneza kipande cha namna hiyo, wakakisukuma kwa mashine, wakaangalia ni mzigo gani unaovifanya viteleze.

Mwanzi mbele ya mashine

Sasa turudi kwenye mwanzi wetu. Usidhani kwamba yule aliyemshauri jamaa yangu alikuwa mjinga. Mwanzi una nyuzi imara ajabu, hasa upande wake wa nje wenye ganda gumu. Ukiuvuta kwa urefu wake wastahimili kuvutwa kuliko mbao nyingi. Huota upesi, nao ni mwepesi, wala hautaki tanuri. Kwa sababu hiyo wenye elimu wameufikiri tangu mapema katika karne ya 20. Mwaka 1966 maabara ya uhandisi ya Jeshi la Majini la Marekani, kule Port Hueneme, California, ilitoa taarifa nzima juu ya kujenga kwa zege lenye mianzi. Kuanzia mwaka 1979 Profesa Khosrow Ghavami alifanya majaribio mengi kule Rio de Janeiro, Brazil.

Majaribio ya namna hii hufanywaje? Boriti hulazwa juu ya egemeo mbili, kisha mashine huishusha mizigo kidogo kidogo katika nafasi mbili zilizo karibu na katikati. Chini yake huwekwa saa ndogo inayopima imeshuka milimita ngapi. Mtu mmoja husimama na penseli, na kila ufa unapotokea huufuata kwa mstari, akaandika kando yake uzito uliokuwapo wakati huo. Boriti ikiisha kuvunjika, imejaa maandishi kama daftari la mwanafunzi.

Habari njema zilipatikana. Boriti zenye mianzi iliyopakwa dawa zilibeba mzigo mkubwa kuliko za zege tupu. Ghavami aliona ongezeko la kufika mara 4 hivi. Kwa hiyo mtu akisema mwanzi haufanyi kazi yo yote ndani ya zege, hasemi kweli.

Lakini zisikilize na zile habari nyingine. Kwanza, mwanzi hurefuka. Chukua ufito wa chuma na ufito wa mwanzi wenye unene mmoja, uvivute kwa nguvu moja. Mwanzi utanyoka mara 10 au zaidi kuliko chuma. Maana yake ni kwamba kabla mwanzi haujaanza kuvuta kwa nguvu zake, zege limekwisha kupasuka nyufa pana na boriti imekwisha kulegea.

Pili, mwanzi hunywa maji. Zege likiwa bichi ni tope lenye maji, nao mwanzi mkavu huyanywa ukavimba. Ukivimba hulisukuma zege changa lisilo na nguvu bado, na hapo ndipo ufa ule wa kufuata boriti unapozaliwa. Kisha zege likikauka, mwanzi nao hukauka na kunywea, ukaacha nafasi kati yake na zege. Ile ndiyo sauti ya mtungi aliyoisikia fundi wetu. Wale Wamarekani wa 1966 walijua hatari hii. Walitaka mianzi iliyokomaa, yenye umri wa miaka 3 au zaidi na rangi ya kahawia, iliyoanikwa majuma 3 au 4, kisha ipakwe lami ili isinywe maji. Tena wakaonya kwamba lami ipakwe nyembamba, maana ikiwa nene hulainisha mwanzi, mshiko ukapungua. Umeona shida hiyo? Dawa ya kuzuia maji ikizidi huharibu kushikana. Jamaa yangu hakuambiwa hata nusu ya haya. Yeye aliukata mwanzi asubuhi akaumiminia zege jioni.

La tatu ndilo linalonitia hofu kupita yote. Boriti ya nondo iliyofanywa vizuri, ikizidiwa na mzigo, chuma chake hunyumbuka kwanza. Boriti hushuka, nyufa hufunguka, milango hukataa kufunga. Watu huona, hutoka nje. Mwanzi haunyumbuki namna hiyo. Huvumilia, huvumilia, kisha hukatika ghafula. Chuma huwapa watu onyo kabla ya kushindwa, na onyo hilo laweza kuokoa jamaa nzima iliyolala.

Tena mwanzi uliozikwa hakuna awezaye kuuona. Unyevu ukiingia, mchwa au ukungu ukiingia, hakuna dirisha la kuchungulia. Mwaka 2018 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walichapa mapitio ya majaribio ya miaka mingi, na hukumu yao ilikuwa kwamba mwanzi haufai kushika mahali pa nondo ndani ya boriti. Hawakuudharau, bali walisema kazi yake nzuri ni mahali pengine, kama katika kuta za fito za mianzi zinazopigwa lipu ya saruji, mfano wa zile za Colombia. Basi nyumba zetu za udongo na fito ni ndugu wa karibu wa kuta hizo, ingawa wengine huona haya kuzitaja.

Katani na majivu

Utaniuliza, na katani je? Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani miaka ya 1950 na 1960. Je, nyuzi zile haziwezi kutiwa katika saruji? Zimetiwa. Nyuzi zilizokatwa fupi fupi, zikichanganywa na saruji na mchanga, huzuia mipasuko midogo, na kipande kikivunjika hakianguki vipande vipande, hushikiliwa na nyuzi. Zilifanywa bati na vigae kwa njia hiyo. Lakini baada ya miaka michache vingine vikawa vyepesi kuvunjika kama biskuti. Watafiti wa Sweden walilichunguza jambo hili, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaeleza sababu yake: ule ukali wa saruji unaokilinda chuma ndio unaozila nyuzi za katani. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Mtu aliyekipima kigae kile baada ya siku 28 alikisifu. Angengoja miaka 5 angesema mengine.

Na hapo ndipo majivu yanapoingia. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, karibu na Napoli, na kutokana na jina la mji huo vitu vya namna hiyo huitwa pozolana. Havishikani vyenyewe kwa maji, lakini vikikutana na chokaa huigeuza kuwa gundi ya mawe. Sisi hatuna haja ya kwenda Pozzuoli. Milima ya Rungwe na Meru imetuachia majivu na mawe ya volkano tele. Kadhalika iko pozolana inayoota shambani: pumba za mpunga. Tani 1 ya mpunga hutoa pumba kama kilo 200, na pumba hizo zikichomwa hubaki majivu kama kilo 40, ambayo sehemu yake kubwa ni silika, kitu kile kile kinachotakiwa. Wakulima wa Kyela, wa Kilombero na wa Mwea huyaona malundo ya pumba kila msimu.

Lakini usikimbilie lundo na koleo! Pumba zikichomwa kwa moto mkali mno, kupita nyuzi 700 hivi za Selsiasi, silika hubadilika ikawa kama mchanga tu, haifanyi kazi. Zikichomwa bila hewa ya kutosha hubaki nyeusi, zimejaa makaa. Yafaa zichomwe polepole, kisha majivu yasagwe laini kama unga. Yakifanywa hivyo yaweza kushika mahali pa sehemu 10 hadi 20 katika kila 100 za saruji bila kulidhoofisha zege, na zaidi ya hayo huila ile chokaa kali inayozidi, hata katani iliyomo hupumua. Majivu ya jikoni ya kuni siyo haya ninayoyasema. Mtu asije akasema nilimshauri.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo, na saruji ipo dukani? Sababu moja ni bei. Sababu nyingine ni kwamba ili kupata saruji mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450, na kazi hiyo duniani kote hutoa karibu sehemu 8 katika kila 100 za hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu. Kwa hiyo wataalamu wa Uswisi, Kuba na India wamefanya saruji ambayo nusu tu ndiyo iliyotoka katika tanuri kali, na nusu ya pili ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto dogo pamoja na mawe ya chokaa yaliyosagwa tu. Udongo mweupe wa namna inayofaa, uitwao kaolini, uko hata Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Siku 28

Sasa, ndugu msomaji, mtu akikujia na kitu kipya, iwe majivu, vifuu vya nazi badala ya kokoto, au plastiki iliyosagwa, umwulize nini? Mwulize: kimepimwa?

Upimaji wa zege si uganga. Likiwa bichi hujazwa katika koni ya bati yenye kimo cha sentimita 30, kwa matabaka 3, na kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa ufito wa chuma. Koni huinuliwa taratibu, na zege hushuka. Likishuka mno, maji yamezidi. Na maji yaliyozidi ni mwizi wa nguvu kuliko wezi wote, ingawa kibarua huyapenda kwa kuwa zege huchanganyika kwa wepesi. Kisha hufanywa michemraba yenye sentimita 15 kila upande, ikatunzwa ndani ya maji, mingine ikavunjwa siku ya 7 na mingine siku ya 28. Mchemraba wa zege la kawaida la nyumba nzuri, lile waliitalo la daraja la 25, hubeba tani 57 kabla ya kuvunjika. Tani 57 juu ya kipande unachoweza kukiinua kwa mikono yako!

Tumekwisha kuona majengo yakianguka katika miji yetu. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, wakafa watu zaidi ya 30. Novemba 2024 lilianguka jingine Kariakoo, watu wakiwamo madukani, na waliokufa walizidi 20. Si kazi yangu hapa kusema ya nini yalianguka. Nasema tu kwamba gharama ya kuvunja michemraba michache ni ndogo sana karibu na jeneza moja.

Kwa mwenye kujenga vyumba viwili kijijini, mashine iko mbali. Lakini kulinganisha mchanganyiko wako wa zamani na mpya waweza hata uani. Fanya vijiti vya saruji na mchanga, unene sentimita 3 kwa 3, urefu sentimita 50: vitatu vya mchanganyiko unaoujua, vitatu vya ule mpya. Visiwe kimoja kimoja, maana kimoja chaweza kukudanganya. Vitunze na unyevu siku 28. Kisha laza kimoja juu ya mawe mawili yaliyoachana sentimita 40, funga ndoo tupu katikati kwa kamba, uanze kumimina maji polepole kwa kopo la lita moja huku ukihesabu. Kila lita ni kilo moja. Andika hesabu ilipokatika, ukiongeza na uzito wa ndoo. Watoto wataipenda kazi hii kuliko hesabu za shuleni, ila miguu yao isiwe chini ya ndoo. Tena ukiwa na subira, fanya seti nyingine, uiache nje ipigwe na jua na mvua mwaka mzima, kisha uivunje nayo. Hapo ndipo utakapojua kama vitu vimeshikana au vilikuwa vikijifanya tu. Jaribio hili halitoshi kwa ghorofa wala kwa linta yenyewe. Hizo zina mafundi wake na nondo zake. Lakini litakuonyesha ni mchanganyiko gani uliopungukiwa na nguvu kabla hujautia ukutani.

Na nondo zako, ukikaa Pwani, uzikinge na mchanga wa bahari. Chumvi huushinda ule ulinzi wa saruji, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Ndipo zege la chini ya dari linapobanduka na kuanguka mabonge mabonge. Kilwa haikusumbuliwa na jambo hilo kwa kuwa haikuwa na chuma.

Jamaa yangu aliutegemeza ukuta kwa nguzo za miti, wakaitoa linta yake, naye akauza mbuzi wawili akanunua nondo. Fundi mzee alizipanga mwenyewe, akaziinua kwa vipande vya mawe zisiguse ubao wa chini, akakataza mtu kuongeza maji. Watu wa nyumba hiyo waliimwagilia linta mpya kila asubuhi na jioni kwa majuma mawili, hata mama mmoja akasema inanyweshwa kuliko mboga zake.

Ile ya mwanzi haikutupwa. Imelazwa uani juu ya mawe mawili, chini ya mwembe, na watoto huikalia jioni wakila mahindi. Ule ufa bado upo, nao umepanuka kidogo tangu mara ya mwisho nilipoutazama.